Mawese, Sabuni na Mkorogo: Utunzaji wa Uso katika Historia ya Fizi na Baraka

Wanahistoria wa Ziwa Tanganyika wameandika mengi juu ya pembe za ndovu, utumwa, chumvi, dagaa na vita. Uso wa mwanadamu haukupata nafasi katika maandishi hayo, isipokuwa pale msafiri wa Kizungu alipotaka kuwastaajabisha wasomaji wake kwa kueleza chale na udongo aliouona mashavuni mwa wenyeji. Kupaka mafuta, kunawa kwa sabuni na kutibu chunusi huhesabiwa aghalabu kuwa mambo ya chumbani, tena ya wanawake, yasiyostahili kuingizwa katika historia. Makala haya yanashikilia kinyume chake. Katika Fizi na Baraka ngozi ya uso imekuwa mahali ambapo biashara ya ziwa, maradhi, dola na lugha vimekutana, na uamuzi unaofanywa mbele ya kioo kidogo cha sokoni unaweza kumgharimu mtu figo zake.

Wilaya ya Fizi iko upande wa kusini wa Jimbo la Kivu ya Kusini. Mji wa Fizi umekaa milimani. Baraka uko chini ufukoni, katika ghuba iliyokingwa na rasi ya Ubwari. Ziwa lenyewe liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kwa nyuma milima ya Itombwe inapanda kupita mita 3,000. Katika miezi ya kiangazi upepo wa kusini-mashariki hulivuka ziwa kwa nguvu. Ngozi hupauka, midomo hupasuka, na jua linalorudi kutoka majini humchoma mvuvi usoni mara mbili. Ikiulizwa kwa nini katika ufuko huu mafuta yaliitangulia sabuni, jibu la kwanza ni upepo huo.

Mafuta na mng'ao

Mwaka 1858 Richard Burton na John Speke walifika Ujiji, na mwezi wa Aprili mwaka huo huo wakapanda mitumbwi kuelekea Uvira. Walipita Ubwari, ambayo Burton aliidhania kuwa kisiwa. Habari zake juu ya Wabembe ni chache na mbaya: alizipata kwa majirani waliowaogopa, akazisafirisha hadi London kama ukweli, ikiwa ni pamoja na uvumi wa ulaji watu. Lakini katika kitabu chake cha 1860 aliandika kwa makini zaidi juu ya michikichi na mafuta yake, mawese, yaliyokuwa bidhaa mashuhuri ya mwambao wa ziwa. Hapa ushahidi wake una thamani, maana aliyaona mwenyewe na kuyanunua.

Mchikichi hutoa mafuta ya namna mbili, na tofauti yake ni ya msingi katika historia ya urembo. Nyama ya tunda hutoa mawese yenyewe, mekundu kwa sababu ya karotini nyingi zilizomo. Hayo ni ya chungu kwanza, maana hutia doa nguo na ngozi. Kokwa, ambazo upande wa Kigoma huitwa mise, zikikaangwa na kupondwa hutoa mafuta mengine, meusi na yenye harufu kali, yanayofaa mwilini na nywelani. Kiasi cha nusu ya mafuta hayo ni asidi ya lauriki, ambayo maabara za leo zimeonyesha kuwa inadhoofisha bakteria washirikao katika kuleta chunusi. Isisemwe kwamba wazee walikuwa na maabara. Itoshe kusema kwamba waliwatazama watoto wao, wakaona ni mafuta gani yanafaa na yapi hayafai. Pamoja na hayo kulikuwa na mafuta ya mbarika, na majivu ambayo, yakichujwa kwa maji na kuchanganywa na mafuta, yalitoa sabuni laini nyeusi kabla ya sabuni ya dukani kufika.

Katika utamaduni wa Wabembe na ndugu zao Walega, kupaka mafuta hakukuishia kwenye mwili wa mtu. Daniel Biebuyck, mwanaanthropolojia wa Kibelgiji aliyefanya utafiti katika nchi hizo mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950, ameandika kwa kirefu juu ya bwami, chama cha madaraja kilichounganisha watu wazima katika maadili na heshima. Sanamu ndogo za pembe za Walega zilisuguliwa na kupakwa mafuta katika sherehe za bwami, mwaka baada ya mwaka, mpaka zikapata ile rangi ya asali na ule mng'ao ambao sasa wakusanyaji wa Ulaya wanaulipia fedha nyingi. Kitu kizuri ni kitu kinachong'aa kwa sababu kimeshikwa na kutunzwa. Udongo mweupe, pemba, ulikuwa na kazi nyingine: ulimtia mtu alama kwamba yumo katika hali ya pekee, ya ibada au ya kupita kutoka daraja moja la maisha kwenda jingine. Weupe wa pemba basi haukuwa rangi ya kila siku. Mtu aliupaka, kisha akaunawa, akarudi kwenye mafuta yake.

Nukta hii haina budi kusisitizwa, kwa sababu mjadala wa siku hizi juu ya kujichubua huanza kana kwamba historia ya ngozi ya Mwafrika ilianza siku alipomwona Mzungu. Kipimo cha kwanza cha uzuri wa uso ambacho ushahidi wa Fizi na Ulega unakionyesha ni mng'ao. Rangi ilikuja baadaye.

Maneno yaliyovuka ziwa

Kati ya miaka ya 1860 na 1894 ufuko wa magharibi wa ziwa uliingia katika milki ya biashara ya Waungwana. Kabambare, upande wa Maniema, kilikuwa kituo kikubwa cha Tippu Tip. Kaskazini mwa ziwa alitawala Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan, mpaka aliposhindwa na majeshi ya Wabelgiji mwanzoni mwa 1894. Waungwana walileta kanzu, mchele, Uislamu na Kiswahili. Je, walileta pia sanaa ya urembo ya pwani?

Sanaa hiyo ilikuwa tajiri. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 imehifadhi sehemu yake: liwa, mti wa manukato usagwao kwa maji juu ya jiwe na kupakwa usoni; dalia, unga wa rangi ya manjano; na kitenzi kusinga, yaani kuusugua mwili kwa mchanganyiko wa manukato, ambacho ndicho asili ya singo ya maharusi wa Unguja. Utaratibu wa singo una hekima yake: karafuu, manjano na maua husagwa, hupakwa, huachwa yakauke, kisha husuguliwa taratibu ili kuondoa ngozi iliyokufa. Madaktari wa ngozi wa leo hufanya jambo la jamii hiyo hiyo kwa asidi za matunda.

Lakini liwa haioti Ubwari. Ilitoka ng'ambo ya bahari, na kila hatua ya njia ya msafara iliiongezea bei. Mke wa Mwungwana mwenye cheo angeweza kuwa nayo. Mke wa mvuvi wa Baraka alikuwa na mise mlangoni pake. Yamkini ndiyo sababu kilichobaki cha kudumu huko kikawa msamiati zaidi ya manukato yenyewe. Kiswahili kilileta vitenzi vya ngozi. Kupaka, au kupakala kama wasemavyo wengi Kongo, huchukua mafuta, rangi na dawa kwa pamoja, na hivyo hakitofautishi urembo na tiba. Kutakata ni kuwa safi na kuwa angavu kwa wakati mmoja: uso uliotakata ni uso usio na madoa, wala si lazima uwe mweupe. Lugha ilimwezesha msemaji kumsifu msichana mweusi tii kwamba uso wake umetakata. Utelezi ulianza baadaye, pale kutakata kulipoanza kueleweka kuwa ni kuwa mweupe, na maji ya kunde ikawa sifa badala ya maelezo tu.

Neno chunusi nalo lina kisa. Katika kamusi lina maana mbili: kipele cha usoni, na zimwi la majini linalomzamisha mtu. Pengine ni maneno mawili tofauti yaliyogongana kwa sauti, na wanaisimu hawapaswi kujenga ghorofa juu ya bahati. Hata hivyo, kwa watu wanaoishi kandokando ya maji yenye kina cha zaidi ya mita 1,400, si jambo la ajabu kusikia kijana aliyeota vipele akitaniwa kwa zimwi.

Nyuso zilizotiwa alama

Barabara za misafara zilipitisha bidhaa na ndui kwa pamoja. Aliyepona alibaki na mashimo usoni maisha yake yote, na kovu hilo lilikuwa cheti cha kunusurika pamoja na kuwa kasoro. Maradhi haya yaliendelea nchini hadi 1971, mwaka ambao mgonjwa wa mwisho wa ndui alionekana Zaire. Ulimwengu mzima ulitangazwa kuwa huru mwaka 1980. Nduguye, mpox, alikuwa ametambuliwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza nchini humo humo mwaka 1970, katika Jimbo la Equateur. Mwaka 2023 aina mpya ya kirusi chake ilizuka Kamituga, katika wilaya ya Mwenga inayopakana na Fizi, ikaenea hadi Uvira na kuvuka mipaka. Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura mwezi wa Agosti 2024. Kwa mara nyingine vijana wa Kivu ya Kusini wakarudi nyumbani kutoka wodini wakiwa na makovu mashavuni.

Buba ilikuwa na historia tofauti. Vidonda vyake viliharibu pua na midomo ya watoto, na kwa muda mrefu tiba ya serikali ya kikoloni ilikuwa sindano za dawa zenye aseniki na bismuthi, zilizohitaji kurudiwarudiwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja penisilini, na kuanzia mwaka 1952 kampeni za Shirika la Afya Duniani na UNICEF zilienea katika nchi za joto. Sindano moja ilitosha. Mtoto aliyekuwa amefunikwa na vidonda alikuwa na ngozi safi baada ya majuma machache.

Ni vigumu kukadiria taathira ya muujiza huo katika fikra za watu, lakini hapana shaka ilikuwa kubwa. Tangu hapo dawa ya ngozi ilitarajiwa kufanya kazi upesi, na kufanya kazi upesi kukawa ndiko uthibitisho wa nguvu yake. Krimu ambayo huondoa doa kwa siku tatu ilirithi imani iliyojengwa na penisilini. Chunusi, kwa bahati mbaya, si buba. Matibabu yake sahihi huhitaji majuma 8 hadi 12 kabla ya matunda kuonekana, na hakuna muuzaji wa sokoni anayeweza kushindana kwa bidhaa ya namna hiyo.

Ngozi ilipata kazi nyingine tena wakati wa uasi wa 1964 na 1965, ambapo Fizi ilikuwa mojawapo ya ngome za mwisho za Wasimba. Wapiganaji walichanjwa na kunyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisiwapate. Ernesto Che Guevara, aliyevuka kutoka Kigoma mwezi wa Aprili 1965 na kuondoka mwezi wa Novemba, aliandika juu ya dawa hiyo kwa mshangao uliochanganyika na hasira. Neno lenyewe, dawa, hakulitafsiri. Na huenda alifanya vyema, kwa sababu hakuna neno la Kihispania linalobeba kwa pamoja sindano ya buba, chanjo ya vita na mafuta ya chunusi.

Sabuni, mafuta ya mgando, na doa jeusi

Mwaka 1911 William Lever, mtengenezaji wa sabuni ya Sunlight, alipata kwa Wabelgiji idhini ya kumiliki maeneo makubwa ya michikichi Kongo. Kampuni yake, Huileries du Congo Belge, ilikuwa na makao yake Kwilu, mbali sana na Fizi, na historia yake ya kazi za kulazimishwa imeandikwa na wengi. Kwa suala letu yatosha kuona mzunguko wake: mafuta yalitoka Kongo, yakawa sabuni Ulaya, sabuni ikarudi Afrika pamoja na mafundisho ya usafi. Mng'ao wa mafuta, ambao mwanzoni ulikuwa alama ya matunzo, ukaitwa uchafu. Shule na misheni zilisifu uso uliooshwa, mkavu.

Lakini uso mkavu katika upepo wa kiangazi huwasha. Nafasi iliyoachwa na mise ikajazwa na mafuta ya mgando yatokanayo na petroli, yaliyopata hataza Marekani mwaka 1872 kwa jina la Vaseline, na pomadi za kila namna zilizoyafuata. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu wakati huo bidhaa za Dar es Salaam zilikuwa umbali wa safari moja ya mashua kutoka Baraka. Mafuta ya mgando huhifadhi unyevu wa ngozi vizuri. Zile pomadi nzito zenye mchanganyiko, zikipakwa karibu na paji la uso, huziba vitundu vya ngozi. Mwaka 1970 madaktari wa Marekani walieleza chunusi za namna hiyo kuwa ni ugonjwa wenye jina lake.

Hapa ndipo panapohitajika kueleza jambo ambalo mjadala wa kujichubua hulisahau. Katika ngozi nyeusi, kipele kikipona huacha doa. Seli zinazotengeneza melanini huchokozwa na uvimbe, humwaga rangi nyingi, na doa hilo hukaa kwa miezi mingi baada ya kipele chenyewe kusahauliwa. Likipigwa na jua huzidi kukoza. Mwenye ngozi nyeupe hulalamikia chunusi. Mwenye ngozi nyeusi hulalamikia kile ambacho chunusi imeacha nyuma. Hivyo msichana anayekwenda dukani kununua krimu huenda hatafuti kuwa Mzungu. Anatafuta uso wa rangi moja. Anataka utakate. Anachouziwa ni kitu kinachoondoa rangi yote.

Kutoka glavu hadi mkorogo

Mwaka 1939 iliripotiwa Marekani kwamba wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha ngozi za wanyama walikuwa wamepata mabaka meupe mikononi. Chanzo kilikuwa kemikali ya jamii ya haidrokwinoni iliyotiwa katika mpira wa glavu zao. Ajali ya kazini ikageuzwa bidhaa. Katika miaka ya 1950 na 1960 krimu za haidrokwinoni zilienea, zikishindana na zile za zamani zaidi zilizotengenezwa kwa zebaki. Ambi ilikuwa miongoni mwa zilizotangazwa kwa bidii katika magazeti na redio za Afrika ya Mashariki.

Dola mpya zilizitazama krimu hizo kwa jicho la siasa. Tanzania ilitangaza Operesheni Vijana mwezi wa Oktoba 1968, ikaanza kutekelezwa Januari 1969: vijana wa TANU walipiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kuchubua. Ng'ambo ya ziwa, Zaire ya Mobutu ilihubiri uhalisi tangu 1971 na kuwavua watu majina ya Kikristo na tai. Kasoro ya siasa hizo zote mbili ilikuwa moja. Zilimshutumu mtumiaji kwa kuisaliti rangi yake, zikaacha doa lake bila tiba. Mwanamke aliambiwa aache. Hakuambiwa atumie nini.

Wakati huo huo hospitali zilikuwa zinaona mambo mengine. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa watu wazima 60 waliougua ugonjwa wa figo unaopoteza protini katika mkojo na kuvimbisha mwili. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kuchubua zenye zebaki. Ulaya ilipiga marufuku zebaki katika vipodozi vyake mwaka 1976, ila viwanda vyake vikaendelea kutengeneza sabuni za zebaki kwa ajili ya soko la Afrika. Usafirishaji huo ulizuiwa na sheria ya Umoja wa Ulaya mwaka 2003 tu. Sabuni moja mashuhuri ya aina hiyo ilipewa jina la Kiswahili, Jaribu. Mtu angetamani lugha hii ipate wageni wenye nia bora zaidi.

Mnamo miaka ya 1990 Masazumi Harada, daktari wa Kijapani aliyejulikana kwa kuwatetea wahanga wa zebaki wa Minamata, alikuja Ziwa Victoria kupima nywele za wachimba dhahabu, wavuvi na wakazi wa Mwanza. Alitarajia kuikuta zebaki ya machimbo. Baadhi ya viwango vya juu kabisa alivikuta kwa watu ambao chanzo chake kilidhaniwa kuwa sabuni ya kuogea. Matokeo hayo yalichapishwa 1999, na mwaka 2001 yakafuata ya Kenya.

Mwaka 1975 una mkasa wake katika historia hii. Pretoria, daktari Findlay na wenzake walieleza kwamba haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu hufanya kinyume cha ahadi yake: ngozi ya mashavu hugeuka ya buluu-nyeusi, nene, yenye chembechembe, na hali hiyo haitibiki kwa urahisi. Mwaka huo huo, Philadelphia, Albert Kligman na Willis walichapisha fomula ya kuondoa madoa iliyochanganya haidrokwinoni, tretinoini na steroidi. Kligman ni yule yule aliyejipatia sifa mbaya kwa majaribio yake juu ya wafungwa wa Holmesburg. Fomula yake, ikipimwa na daktari na kutumiwa kwa majuma machache, ni dawa halali hadi leo. Ikipimwa na muuzaji kwa kijiko, ikakorogwa pamoja na chochote kilicho mezani, na kupakwa mwili mzima kwa miaka, hiyo ndiyo mkorogo. Viungo ni karibu vile vile. Kilichopotea ni kipimo.

Madhara ya steroidi kali, kama klobetasoli, hujificha nyuma ya uzuri wa siku za kwanza. Uvimbe hutulia, kipele hulala, doa hufifia. Baada ya miezi ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, nywele huota mashavuni kwa wanawake, na chunusi mpya huzuka kwa wingi kuliko za awali. Mtumiaji akiacha ghafla, uso huwaka, akirudia, hutulia. Basi husadiki kwamba krimu ndiyo tiba na kuacha ndiko maradhi. Ndiyo maana mahubiri hayafui dafu mbele ya mkorogo. Anayeacha hahitaji kukemewa. Anahitaji mtu wa kumweleza kwamba uso utawaka kwa majuma kadhaa kisha utapoa, na wa kumpunguzia dawa hatua kwa hatua.

Ng'ambo mbili za ziwa

Vita vya 1996 viliwavusha watu wa Fizi kwa maelfu hadi Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo, Lugufu ikafuata. Kipimo cha mashirika ya wakimbizi kwa mtu mmoja ni gramu 250 za sabuni kwa mwezi, kwa mwili, nguo na vyombo. Uso ulipata kilichobaki. Kambini watu wa Kibembe waliishi kwa miaka ndani ya Kiswahili cha Tanzania, pamoja na maneno yake ya vipodozi na masoko yake. Kuanzia 2005 wengi walirudi Baraka kwa meli, na mwaka 2015 wilaya hiyo hiyo ikageuka mwenyeji, kambi ya Lusenda ilipofunguliwa kwa ajili ya Warundi.

Sheria hazikuvuka ziwa kwa urahisi kama watu. Afrika Kusini iliamua kupiga marufuku krimu za kuchubua mwaka 1990. Kenya iliorodhesha viambato vilivyokatazwa mwaka 1998. Tanzania ilitunga Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi mwaka 2003, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango. Rwanda ilifanya msako mkubwa madukani mwishoni mwa 2018. Mkataba wa Minamata, uliotiwa saini 2013 na kuanza kufanya kazi 2017, uliweka kikomo cha zebaki katika vipodozi, na mkutano wa Geneva wa 2023 ukakiondoa hata kikomo hicho: zebaki isiwemo kabisa kufikia 2025. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Lakini bidhaa iliyokataliwa katika bandari moja hutafuta ufuko mwingine, na ufuko wa Fizi ni mrefu, walinzi wake wachache, na kwa miaka mingi vikundi vyenye silaha vimekuwa na usemi zaidi ya wakaguzi wa afya.

Tiba nayo ni haba. Benzoili peroksaidi, tretinoini na asidi ya azelaiki ni dawa zinazojulikana na zisizo za siri. Mafuta ya mgando matupu, maji safi na kofia ya ukili dhidi ya jua hufanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Anayekosekana ni mtu wa kumtazama mgonjwa. Mwaka 1992 kilifunguliwa Moshi, kando ya Hospitali ya KCMC, Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi cha kanda, kinachowafundisha matabibu wasio madaktari kutambua na kutibu maradhi ya ngozi wilayani. Wazo lake lingefaa Baraka kuliko karibu kila mahali.

Linabaki suala la lugha, ambalo ni la wasomaji wa jarida hili kuliko la madaktari. Kisanduku cha krimu kinachouzwa Baraka huandikwa Kifaransa au Kiingereza. Orodha za viambato vilivyokatazwa za nchi za mashariki zimeandikwa Kiingereza. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI, 1990, ililinganisha istilahi zake na Kiingereza, kwa manufaa makubwa ya shule za Tanzania. Lakini msomaji aliyesoma shule za Kifaransa hana njia ya kuingilia humo. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo kwa Katiba ya 2006, na ndicho kinachotumika mnunuzi na muuzaji wanapopatana bei. Katika mapatano hayo zebaki ina jina lake la siku nyingi. Haidrokwinoni na klobetasoli hazina. Huitwa kwa jina la kopo, au kwa rangi ya kifuniko chake.